Miezi tisa ya kozi ya teknolojia ya afya mtandaoni, nikiwa Lamu

Mwezi wa Mei mwaka 2025 nilimaliza kozi ya cheti katika teknolojia ya habari za afya, ambayo ni ya miezi tisa na hufundishwa mtandaoni kutoka Marekani. Niliisoma nikiwa hapa Lamu, nyumbani kwangu Langoni, huku nikiendelea na kazi yangu ya afisa wa rekodi za afya. Tangu hapo wenzangu wa Mokowe, Faza na Mpeketoni wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza iwapo kozi hiyo inafaa kulipiwa, nami nimeona afadhali niyaandike maelezo yangu yote mahali pamoja, kwa sababu jibu langu ni ndiyo yenye masharti, na masharti hayo hayaelezeki vizuri kwa simu. Jina la chuo nimeliacha makusudi. Kasoro nitakazozitaja nimekwisha kukiandikia chuo chenyewe, na kozi nyingine nilizozilinganisha nayo kabla ya kujiandikisha zimepangwa kwa namna iyo hiyo, kwa hiyo hata atakayesoma kwingine atayatambua mengi.

Masomo yenyewe ni mazuri kuliko nilivyotarajia, na walimu wanakijua vyema wanachokifundisha. Lakini ratiba, mitihani na mifano imewekwa kwa ajili ya mtu anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki na mtandao hautetereki, na ambapo kila mgonjwa ana jina la ukoo na cheti cha kuzaliwa. Mwanafunzi wa kwetu anaweza kufaulu, tena kwa alama za juu, iwapo kila somo atalileta kwenye rejista na kadi anazozishika mwenyewe kazini. Asipofanya hivyo cheti atakipata, lakini atakuwa amejifunza kazi ya hospitali ambayo hataingia.

Ada ilikuwa ni sawa na shilingi 117,000, iliyolipwa kwa awamu tatu. Juu ya hiyo nilitumia takriban shilingi 1,500 kila mwezi kwa bando la intaneti. Kila juma lilikuwa na video za muda wa saa moja hivi, kurasa za kusoma, zoezi moja la kuwasilisha, na darasa la moja kwa moja na mkufunzi. Tangazo la chuo linasema kwamba saa sita kwa juma zinatosha. Mimi sikuwahi kutumia chini ya kumi, na katika majuma ya viwango vya kubadilishana taarifa nilifikisha kumi na tano. Anayefanya kazi ya zamu na ajiulize mapema saa hizo atazitoa wapi.

Jambo lililonisumbua zaidi ya yote mwanzoni lilikuwa saa. Mazoezi yote hufungwa Jumapili dakika moja kabla ya usiku wa manane kwa saa za mashariki mwa Marekani, na jukwaa la mafunzo halimwonyeshi mwanafunzi saa ya kwake. Kwetu sisi wakati huo ni Jumatatu asubuhi. Nilipoanza mwezi wa Septemba, zoezi lilifungwa saa moja kasoro dakika moja asubuhi. Ilipofika Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wakarudisha saa zao nyuma, na mwisho wetu ukasogea hadi saa mbili kasoro dakika moja. Nikazoea hivyo. Kila Jumatatu baada ya sala ya alfajiri nilikuwa nikilipitia zoezi mara ya mwisho kwa utulivu, kisha nikilituma kabla ya kwenda kazini. Jumapili ya pili ya Machi saa zao zikasogezwa mbele tena, nami sikuwa na habari. Nililituma zoezi la juma hilo saa moja na robo, nikidhani kwamba nina dakika zaidi ya arobaini za akiba, kumbe lango lilikuwa limekwisha kufungwa. Nilikatwa asilimia kumi ya alama za zoezi ambalo lilikuwa bora katika yote niliyoyaandika. Tangu siku hiyo nilijiwekea kwamba mwisho wangu ni Jumapili baada ya sala ya isha, na yeyote atakayejiandikisha kutoka pwani hii namsihi aanze hivyo tangu juma la kwanza.

Darasa la moja kwa moja nalo lilifuata mkondo huohuo. Tangu Novemba lilikuwa saa nne usiku kwa saa zetu, na baada ya mabadiliko ya Machi likawa saa tatu. Mwaka huo Machi ilikuwa ni mwezi wa Ramadhani, na saa tatu watu wengi ndio kwanza wanatoka kwenye tarawehe. Nilimwandikia mkufunzi kumweleza, naye akanijibu kwa heshima kwamba hawezi kulihamisha darasa lakini atahakikisha kuwa limerekodiwa na kwamba maswali yangu, nikimpelekea mapema, atayajibu mwanzoni. Alitimiza ahadi hiyo kila juma. Nilikuwa nikilitazama darasa hilo wakati wa daku, nyumba ikiwa kimya, na huenda nilielewa zaidi kuliko waliokuwemo.

Kuhusu mtandao sitasema mengi, kwa kuwa kila mmoja wetu anaijua hali yake. Video zinaweza kupakuliwa kwa ubora wa chini, na kila video ina maandishi yake kamili ambayo hayali bando hata kidogo. Mwanafunzi mwenye busara huanza na maandishi, kisha akatazama tu sehemu zenye michoro. Tatizo halisi ni mtihani. Mitihani miwili mikubwa hufanywa mbele ya kamera, na programu inayosimamia hudai mtandao usiokatika kwa dakika tisini mfululizo. Katika mtihani wa kwanza umeme ulizimika dakika ya sitini na kitu, kipakatalishi kikaendelea kwa betri, lakini kisambaza mtandao kikazimika, na mtihani ukafungwa kana kwamba nimeondoka kwa hiari. Ombi la kurudia lilichukua siku kumi na mbili kujibiwa, kwa sababu kanuni inasema kwamba anayetaka muda wa ziada aombe saa 48 kabla, nami sijui ni nani awezaye kuomba ruhusa ya kukatikiwa na umeme siku mbili kabla haujakatika. Niliruhusiwa hatimaye. Mtihani wa pili niliufanya kwa simu mbili za laini tofauti, zote zimechajiwa na kuwekwa kando ya kipakatalishi, na nikakiandikia chuo saa 72 kabla kueleza mahali nilipo na hali ya umeme ilivyo. Barua hiyo niliiandika kwa tahadhari tu, na haikuhitajika, lakini mtu asiingie mtihanini bila kuwa ameiandika.

Sasa nije kwenye masomo yenyewe, ambayo ndiyo sababu ya kuandika.

Somo lililonipa faida kubwa kuliko yote ni la utambulisho wa mgonjwa, yaani jinsi mfumo unavyojua kwamba mtu aliyekuja leo ndiye yule aliyekuja mwaka jana. Tulipewa orodha ya wagonjwa wa kubuni 200, tukatakiwa kuyagawa majina yao katika visehemu viwili, jina la mtu na jina la ukoo, kisha kuwatafuta walioandikwa mara mbili. Kwa majina ya orodha ile kazi ilikuwa nyepesi. Nilipolileta zoezi nyumbani likavunjika mara moja. Hapa kwetu mtu huandikwa jina lake, la baba yake na la babu yake; ukiliita hilo la mwisho kuwa ni la ukoo, basi baba na mwanawe wa kumzaa watahesabiwa kuwa watu wa koo mbili. Hata wenye majina ya ukoo mara nyingi hawayaandiki kwenye kadi ya kliniki. Na majina yenyewe yanajirudia mno, kiasi kwamba wajawazito watatu wanaweza kuketi kwenye benchi moja wakiwa na majina yote matatu yanayofanana.

Kozi ilitufundisha njia ya zamani ya kulinganisha majina kwa matamshi, iitwayo Soundex, iliyopewa hataza huko Marekani mwaka 1918. Njia hiyo huiacha herufi ya kwanza ya jina kama ilivyo, kisha huzigeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu na kuziacha vokali. Nikaijaribu kwa majina yetu. Mohamed na Muhammad yote mawili yalitoa M530, na hapo nikafurahi. Lakini Khadija ilitoa K320 na Hadija ikatoa H320. Athman ikatoa A355 na Uthman ikatoa U355. Kwa mashine hiyo hao ni watu wanne tofauti, ilhali kwa karani yeyote wa Lamu ni wawili tu, kwa kuwa anajua kwamba tahajia hutegemea ni nani aliyeshika kalamu siku ile. Nililiandika hilo katika zoezi langu pamoja na pendekezo kwamba kwetu ulinganisho uongezewe jina la mama, mtaa na mwaka wa kuzaliwa. Mkufunzi alilisoma mbele ya darasa zima, na wanafunzi wawili, mmoja wa Nigeria na mmoja wa Bangladesh, wakaeleza kwamba kwao hali ni hiyohiyo.

Katika somo lililofuata tulifundishwa FHIR, kiwango cha kubadilishana taarifa za afya kilichotolewa na shirika la HL7, ambalo lilianzishwa mwaka 1987. Hapa niligundua jambo ambalo lingenipita kama nisingekuwa na hasira ya lile zoezi la majina. Kiwango chenyewe hakimlazimishi mtu kuwa na jina la ukoo: kina nafasi ya kuandika jina zima kama linavyotamkwa. Tarehe ya kuzaliwa nayo inaweza kuwa mwaka peke yake. Wajenzi wa skrini ndio waliotulazimisha, miaka yote hii, kumwandika kila bibi asiyejua siku yake kuwa alizaliwa tarehe 1 Januari. Nimekaa kwenye dawati la rekodi kwa miaka mingi nikiamini kwamba kompyuta haikubali vinginevyo. Kulijua hilo kwangu kulitosha kulipia awamu moja ya ada.

Uainishaji wa magonjwa ulifundishwa vizuri, ingawa kwa kutumia ICD-10, toleo la kumi la orodha ya kimataifa inayoupa kila ugonjwa msimbo wake, hali ICD-11 ilianza kutumika rasmi Januari 2022. Juma moja tu liligusia toleo jipya, na hilo ni dogo mno. Mifano mingi ilikuwa ya maradhi ya moyo na upasuaji wa goti. Mkufunzi alituruhusu tulete mifano yetu, na mwanafunzi asiyeitumia ruhusa hiyo anajinyima. Mimi nilimleta mvuvi aliyechomwa mguuni na mwiba wa samaki taa. Katika rejista zetu mtu wa namna hiyo huandikwa jeraha tu, basi, na mwisho wa mwezi hupotea ndani ya jumla ya majeraha mengine yote. ICD-10 ina mahali pake, msimbo T63.5, panapohusu sumu ya kuguswa na samaki. Nilipolitafuta na kuliona, nilielewa kwa mara ya kwanza uainishaji unatumika kwa nini hasa: jeraha la wavuvi wetu linaweza kuhesabiwa peke yake, na likihesabiwa linaweza kuombewa dawa na mafunzo.

Sehemu ya ripoti ilitumia DHIS2, mfumo wa kukusanya takwimu za vituo vya afya, wenye asili yake Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya imeutumia nchi nzima tangu mwaka 2011, kwa hiyo kwa yeyote anayejaza MOH 705 na MOH 711, fomu za ripoti za Wizara ya Afya, kila mwezi somo hili ni la kazini moja kwa moja. Mazoezi tuliyafanya kwenye hifadhidata ya majaribio ya Sierra Leone, ambayo iko wazi kwa kila mtu, na sasa kituo cha Ngelehun nakijua kama ninavyokijua kituo cha jirani. Lakini nisilifiche hili: masomo ya msingi ya DHIS2 hutolewa bure mtandaoni na wajenzi wake wenyewe. Anayetaka DHIS2 peke yake asilipe shilingi hata moja. Na hata anayekusudia kulipia kozi nzima ayamalize kwanza yale ya bure, kwani atajua kama anaweza kusoma kwa njia hii kabla hajatoa pesa. Mkufunzi alipotufundisha OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004, alisahau kutaja kwamba Eldoret ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa palipoutumia, na kwamba KenyaEMR tunayoitumia imejengwa juu yake. Nilimkumbusha, naye akashukuru.

Somo la faragha na sheria linahitaji uangalifu kuliko mengine yote, maana hapo ndipo mwanafunzi wa Kenya anaweza kupata alama zote na kurudi kazini na kosa. Kozi inafundisha sheria ya Marekani ya mwaka 1996 iitwayo HIPAA. Mtihani unauliza: taarifa za wagonjwa zikivuja, waathiriwa waarifiwe ndani ya muda gani? Jibu linalotakiwa ni muda usiozidi siku 60. Lakini kwetu, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Mimi nilitengeneza daftari lenye safu mbili, kushoto kile kinachoulizwa na mtihani, kulia kile kinachotawala dawati langu, na kila kifungu nilikijaza pande zote mbili. Majuma mawili ya bima ya Marekani niliyavuka kwa njia hiyohiyo: safu ya kulia niliandika habari za SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ambayo ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, mwezi mmoja tu baada ya mimi kuanza masomo, kwa hiyo maswali ya wagonjwa dirishani yalikuwa ndiyo mazoezi yangu.

Katika somo hilohilo nilikaribia kufanya kosa ambalo nalieleza ili mwingine asilifanye. Zoezi lilitaka mfano wa ripoti kutoka kazini, nami nikapiga picha ukurasa wa rejista, nikafunika majina kwa karatasi, nikaiweka tayari kutuma. Umri, kijiji na ugonjwa vilikuwa wazi. Kijiji kile ni kidogo. Mtu yeyote wa huko angemjua mgonjwa kwa hayo matatu. Nililiona usiku, kabla ya kutuma, nikaifuta picha na kuandika upya ukurasa mzima wa kubuni. Kuanzia hapo sikutumia tena hata mstari mmoja wa mgonjwa wa kweli, na mradi wangu wa mwisho, uliohusu kuwatambua wajawazito walioandikishwa mara mbili kliniki, niliufanya kwa majina 200 niliyoyatunga mwenyewe kwa kufuata desturi zetu za kuitana. Kuyatunga kulichukua jioni tatu. Chuo hakikunionya juu ya jambo hili mahali popote, na hilo nimewaandikia kuwa ni upungufu mkubwa katika kozi ya afya.

Lugha ya kozi ni Kiingereza, cha kawaida, kisicho kigumu. Mimi nilijisaidia kwa kuyaandika maelezo ya kila somo kwa Kiswahili kabla ya kugusa zoezi, kama ambavyo ningemweleza mhudumu mpya ofisini. Nilipokwama katika kueleza, nilijua kwamba sijaelewa, nikarudi kwenye maandishi ya video. Wakati mwingine nilimweleza hasa mtu, muuguzi mmoja wa Faza tuliyezoeana kwa kazi, kwa simu za jioni. Alikuwa akinikatiza: "Ngoja dada, hapo umeruka. Huyo mgonjwa akija kwangu na kadi iliyolowa maji, mashine yako inamtambuaje?" Maswali yake yalikuwa magumu kuliko ya mtihani, na sehemu nzuri ya mradi wangu imetokana nayo.

Ninaipendekeza, basi, kwa afisa wa rekodi, muuguzi au mhudumu wa maabara ambaye tayari yuko kituoni na ana rejista mkononi. Aliyetoka shule juzi na hana pa kuyajaribia masomo haya, namshauri asubiri, au aanze na yale ya bure huku akijitolea kituo kilicho karibu naye. Cheti chenyewe hakijaniongezea mshahara. Kimenipa kuketi kwenye kikao cha kupanga fomu mpya ya kliniki yetu, ambapo niliomba, na nikakubaliwa, kwamba pawepo nafasi ya jina la mama na kwamba mwaka wa kuzaliwa uruhusiwe kukaa peke yake.

Yule muuguzi wa Faza ameandikishwa katika awamu ya Septemba. Amekwisha kumwomba msimamizi wake siku mbili za mitihani, atavuka kuja kuifanya kwangu Langoni, na kwenye simu yake amejiwekea kengele ya Jumapili baada ya isha.